Maili Hizi ni za Nani?

Jambo tunaloliandika mwezi huu laweza kuonekana kuwa dogo, tena la mbali na mahindi yetu na tumbaku yetu. Lakini limewashughulisha wazee wa usharika wetu hapa Mishamo jioni mbili nzima, wala hata sasa hawajapatana wote. Kwa hiyo tumeona yafaa kuliweka mbele yenu.

Mgeni wetu kutoka Ujerumani, mtu wa usharika ulio rafiki na wetu, alikaa kwetu siku tisa. Siku ya kuagana akatuambia kwamba yule mama tuliyemchagua kwenda kuwatembelea asisumbuke kwa habari ya nauli. Alisema anazo maili nyingi katika daftari la kampuni ya ndege, naye atampatia mama kwa maili hizo kiti cha daraja la katikati, kwenda na kurudi. "Wazee wangu," akasema, "hakuna atakayetoa hata senti. Kiti hiki ni cha bure." Ndipo mzee mmoja akamwuliza, "Mgeni wetu, kama hakuna aliyelipa, mbona kiti kipo?" Watu wakacheka, na mgeni naye akacheka, lakini swali halikuondoka pamoja na kicheko. (Baadaye alikiri kwamba kodi za viwanja vya ndege hulipwa kwa fedha hata hivyo, naye angezitoa mfukoni mwake.)

Kwa ajili ya wasiojua mambo haya, tueleze kidogo. Mwaka 1981 kampuni ya American Airlines ya Marekani ilianza kuwaandikia abiria wake maili walizosafiri, ili aliyefikisha hesabu fulani apewe safari pasipo kulipa nauli. Shabaha yake ilikuwa kumfunga abiria asihamie kampuni nyingine, kama vile mwenye duka ampavyo nyongeza mnunuzi wa kila siku. Kampuni nyingine zikafuata. Lufthansa ya Ujerumani ilianza daftari lake mwaka 1993. Siku hizi mtu aweza kupata maili hata bila kuondoka nyumbani, kwa kununua vitu kwa kadi ya benki, na kampuni nyingi huhesabu fedha alizolipa abiria kuliko mwendo aliokwenda. Jina la maili limebaki jina tu.

Na daraja la katikati ni nini? Waliopanda gari moshi la Mpanda kwenda Kaliua na Tabora wataelewa upesi. Liko daraja la tatu, ambapo watu hubanana na mizigo yao. Liko daraja la kulala. Na kati yake liko daraja la pili la kukaa, ambapo mtu hapati kitanda lakini hupata mahali pa kunyosha goti. Ndivyo ilivyo na angani. Lufthansa iliongeza daraja hilo mwaka 2014: kiti ni kipana zaidi kidogo, mgongo wake hulala zaidi, na miguu ina nafasi. Kwa safari ya saa nane na zaidi, kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya, nafasi hiyo si upuzi, hasa kwa mama mwenye miaka zaidi ya sitini ambaye miguu yake huvimba akiketi sana.

Mama huyu alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa mtoto, kwa miguu, na mahali pengine akibebwa. Alikulia Ulyankulu. Mwaka 1978 makazi ya Mishamo yalipofunguliwa msituni, jamaa yake walikuwa miongoni mwa waliohamishiwa huku. Wasomaji wengi wanakumbuka kwamba shirika lililopima vijiji hivi 16 na kuchimba visima vyake ni TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa kazi ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Katika miaka ile mkimbizi aliyetaka kwenda Mpanda kumwona mgonjwa alihitaji kibali mkononi. Vyeti vya uraia wa Tanzania tulivipokea mwaka 2014, nasi hatutaacha kuishukuru nchi hii. Hata hivyo mzee yule yule alinena neno ambalo hatukuweza kulijibu: "Wenzetu huandikiwa zawadi kwa sababu wametembea, sisi tuliandikiwa karatasi ili tupate kutembea." Hakulisema kwa uchungu. Alikuwa akistaajabu tu, jinsi hesabu za dunia zinavyoandikwa.

Sasa tuje kwenye shina la neno. Maili za mgeni wetu zilitoka wapi? Alitujibu kwa unyofu, wala hakuficha kitu. Kwa miaka kumi na miwili alitumwa na ofisi ya kanisa lake kwenda Namibia, India, na kwetu. Tikiti zililipwa na ofisi, yaani kwa sadaka za watu. Maili ziliandikwa kwa jina lake. Je, zawadi hiyo ni yake yeye aliyeketi, au ni yao waliolipa?

Mataifa makubwa yamejibu swali hili kwa namna mbili. Marekani, mwishoni mwa mwaka 2001, ilitungwa sheria kwamba watumishi wa serikali kuu waweza kuzichukua maili za safari za kazi kuwa mali yao. Katika Ujerumani ilikuwa kinyume. Mwaka 2002 ilijulikana kwamba wabunge kadhaa walizitumia kwa mambo yao wenyewe maili walizozipata kwa safari za bunge, wala bunge halikuwa limeruhusu hivyo. Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi katika serikali ya mji wa Berlin, aliacha kazi yake kwa sababu hiyo. Tena mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Kazi ya nchi hiyo ikaamua kwamba maili zilizopatikana kwa safari alizolipia mwajiri ni haki ya mwajiri.

Kila upande una maana yake. Anayesafiri ndiye aliyekesha usiku, akawaacha watoto wake, akala chakula kilichopoa. Mtu akimwachia nyongeza, nani atamwonea wivu? Lakini aliyelipa atasema: mti ni wangu, na matunda ni yangu.

Sisi twafikiri juu ya mtoto anayetumwa dukani. Mama humpa fedha za sukari. Mwenye duka humpa mtoto peremende moja kuwa nyongeza. Mtoto huila njiani, na hakuna mama atakayemwita mwizi. Bali tukimtuma mtu Mpanda kwa fedha za chama kununua mbolea, na mwenye duka akimwongezea mfuko mzima, naye akaupeleka shambani kwake kimya kimya, kikao cha chama kitakuwa na maneno mengi. Nyongeza ni ile ile; ukubwa wake ndio umebadilika. Jambo dogo upendo hulipitisha. Jambo kubwa hutaka kuulizwa. Na kiti cha kwenda Ulaya na kurudi, twaona, si peremende.

Hapo ndipo tulipowakumbuka ndugu zetu wengine wa mwaka 1972, waliokuwa katika kambi za Kigoma na Ngara, ambao tangu mwaka 2007 walichukuliwa kwenda kukaa Marekani. Wao hawakupewa safari bure. Kabla ya kupanda ndege walitia sahihi karatasi ya deni la nauli, lisilo na riba, wakaanza kulilipa miezi michache baada ya kufika, kidogo kidogo, kutoka katika mshahara wa kufagia na kuosha vyombo. Tuliposikia habari hizo mara ya kwanza tulinung'unika: asafiriye kila mwaka hupewa kiti, na aliyesafiri mara moja tu katika maisha yake, tena kwa kukosa pa kukaa, hudaiwa! Lakini tulipofikiri zaidi tuliona jambo jingine. Fedha za deni lile ziliporudi zilitumiwa kuwasafirisha wakimbizi wengine. Mtu aliyekuwa akilipa alikuwa akimfungulia mlango mtu asiyemjua. Maili zinazoitwa zawadi, kwa desturi, humrudia yule yule mwenye daftari. Hatujui kama wenye kuvipa vitu hivi majina waliliona hilo.

Kwa sababu hiyo hatumlaumu mgeni wetu. Twamsifu, maana yeye alitaka maili zake zivuke mipaka ya daftari lake. Lakini alipotuambia kwamba maili za kiti kimoja cha katikati, kwenda na kurudi, hukaribia kuwatosha watu wawili katika viti vya nyuma, ndipo baraza lilipogawanyika. Wengine wakasema: mama na aketi nyuma, aende pamoja na kijana mmoja wa kwaya, wawili wataona mengi kuliko mmoja. Hoja hiyo ni njema kwa kuisikia. Sisi hatukuipenda, na sababu yetu ni hii: wote walioisema ni watu wenye miguu mizima. Ni rahisi mno kuwa mkarimu kwa miguu ya mwingine. Tena twaogopa lile wazo, ambalo limekaa kwetu muda mrefu kuliko tunavyokiri, ya kwamba mtu aliyezoea taabu haimdhuru kuongezewa.

Basi tukaagiza mama mwenyewe aulizwe, jambo ambalo (twaona haya kulisema) hakuna aliyelikumbuka jioni ya kwanza. Akauliza kama huko nyuma abiria huruhusiwa kusimama na kutembea kidogo. Akaambiwa ndiyo. Akafikiri, kisha akasema: "Wazee wangu, nikienda mniweke katikati, nifike na miguu ya kusimama mbele ya watu. Nikirudi mniweke nyuma. Hata nikivimba, nitavimbia kwangu."

Mgeni alifurahi sana, akasema atajaribu kuzipanga tikiti namna hiyo, ingawa maili zitakazobaki hazitamtosha kijana wa kwaya. Tena, kwa shauri lake mwenyewe, aliahidi kuiuliza kwanza ofisi iliyomlipia safari zake kama maili hizi ni zake kuzitoa. Barua yake haijafika bado. Mtunza hazina wetu amekwisha kufungua ukurasa wa safari hiyo katika kitabu chake. Ameandika jina la mama, na mahali aendapo. Chini ya neno "Mtoaji" ameacha nafasi, akatuuliza aweke kalamu ya risasi au wino. Tumemwambia aache kwanza.