Ushahidi wa Kuazima

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika habari za masultani wa Kilwa, akamtaja João de Barros kuwa shahidi wake. Nikamwuliza: Je, umemsoma? Kumbe alimdondoa katika kitabu cha mtu mwingine. Kutumia habari zilizokusanywa na wengine si aibu. Barros mwenyewe, aliyechapisha juzuu yake ya kwanza mwaka 1552, hakufika Kilwa. Alitegemea tarikhi iliyomfikia. Na nakala ya Kiarabu, iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877, yahitilafiana naye katika orodha ya masultani. Basi asemaye “nimeona” hali alisimuliwa, ijapokuwa habari ni kweli, amemdhulumu aliyeitafuta, na msomaji amemnyima njia ya kurudi kupima. Kijana alinuna kidogo, akaenda maktaba.