Haki ya Kuwa Mteja

Wakenya tumelipa neno "mteja" maana ambayo kampuni za simu hazikuikusudia. Ukimpigia mtu na ile sauti ikakuambia kwamba mteja uliyempigia hapatikani kwa sasa, unawageukia wenzako na kusema, "Jamaa ni mteja." Yaani amezima simu, ameishiwa na chaji, ama yuko mahali mtandao umegoma. Zamani kulikuwa na sababu ya nne ambayo hakuna aliyekulaumu nayo: unaendesha gari. Nataka kuongea juu ya hiyo sababu ya nne, jinsi tulivyoiua kwa kidude kinachotoshea kiganjani, na kama tulikuwa na haki ya kuiua.

Hapa Voi, kidude chenyewe hakina maajabu. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na sheria inataka gari lisizidi miaka minane linapoingia nchini. Likishaingia, hakuna anayelihesabia tena birthday. Probox ilianza kutengenezwa mwaka 2002, kabla watu hawajazoea gari linaloongea na simu. Redio yake imefungwa kwa masafa ya Kijapani, yaani kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kwa hivyo fundi wa kwanza alikuwekea kiboksi kwenye waya wa antena ili usikie Mwanedu FM na wengine. Fundi wa pili ndiye anakuletea moduleta. Unaichomeka pale pa kuwashia sigara, inakula umeme wa volti 12, inashika simu yako kwa Bluetooth, kisha inairusha sauti kwa masafa ya FM. Redio ya gari inadhani imepata stesheni mpya. Ndani ya mji, ambako hewa imejaa watangazaji, inakoroma kidogo. Ukitoka nje kuelekea Maungu, sauti inanyooka.

Kama redio ina tundu la AUX, unaweka kipokezi kidogo na sauti inakuwa safi zaidi. Kama ni ile ya kanda, kuna kanda bandia yenye waya mkiani. Wenye pesa wanang'oa redio yote na kuweka skrini ya Android. Njia ni nyingi, mwisho ni mmoja: mkweche wa 2004 unapokea simu kama gari la jana. Mimi sina shida na hilo. Mtu kuliongezea gari lake la zamani uhai badala ya kukopa jipya ni akili, na fundi anayefanya hivyo chini ya mwarobaini na koleo mbili anastahili heshima.

Shida yangu ni jina tunaloliuzia hicho kitu. Tunakiuza kama usalama. Mikono yako itakuwa huru, tunaambiwa, macho yako yatakuwa barabarani, na polisi hatakuwa na neno. Hilo la polisi lina ukweli wake. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa linaenda, na askari aliyesimama kwenye kizuizi anaona mkono ulioko sikioni. Hawezi kuona fikra ziko wapi. Basi sheria ikakamata kinachoonekana, nasi tukachukulia kwamba kisichoonekana ni halali.

Mwaka 2001, David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwaweka watu kwenye mtihani wa kuigiza kuendesha. Walioongea na simu walikosa kuona ishara mara mbili zaidi, na zile walizoziona wakachelewa kuziitikia. Kilichowashtua watu ni kwamba aliyeshika simu mkononi na asiyeishika hawakuwa na tofauti. Wote wawili walikosa vilevile. Lakini waliokuwa wanasikiliza redio tu hawakuathirika hivyo. Mwaka 2008 Strayer na wenzake wakajaribu kitu kingine: dereva akiongea na abiria aliyekaa kando yake. Hapo mambo yakawa afadhali, kwa sababu abiria naye anaiona barabara. Anasaidia kutafuta njia, anaongea juu ya gari lililo mbele, mazungumzo yanafuata hali ya barabara.

Hebu fikiria barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi. Ukifika kwenye zile kona, hata abiria mwenye mdomo mrefu zaidi kwa gari hunyamaza. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Ameona bonde, ameona lori la mboga linashuka, mwili wake umeelewa. Anayepiga simu kutoka Mombasa haoni kona. Kwake dereva aliyenyamaza ni dereva asiyesikia, basi anauliza, "Hallo? Uko hapo?" Na dereva, kwa adabu tu, anamjibu, "Niko." Hayuko. Mahali alipotakiwa kuwepo ni kwenye kona.

Redio haiulizi kama uko hapo. Hiyo ndiyo tofauti, na kwangu ni tofauti ya kimaadili kabla ya kuwa ya kisayansi. Redio inakupa bila kukudai. Simu inakudai: jibu sasa, amua sasa, kasirika sasa, nihurumie sasa. Mkono haujawahi kuwa ndio deni kubwa. Deni ni umakini, na umakini haugawanyiki kama chapati. Wazee walishasema mshika mawili moja humponyoka, na hawakusema lazima ashike kwa mikono.

Sasa, dereva anadaiwa na nani? Wa kwanza ni waliomo garini, waliolipa nauli. Wa pili ni walioko barabarani bila kulipa chochote: mwanafunzi anayevuka, mtu wa boda, mbuzi. Hapa kwetu kuna mdai wa tatu ambaye kaunti nyingi hazina. Barabara ya Mombasa inapasua Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ile ya Taveta ukipita Maktau inaingia hifadhini. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, ilijengewa vivuko ili ndovu wapite chini. Kwenye lami, mara nyingi kivuko cha ndovu ni macho ya dereva tu. Na ndovu wa Tsavo amejipaka udongo mwekundu. Jioni, jua likishaanguka nyuma ya milima, yeye na mchanga ni rangi moja. Kumwona kunataka mtu mzima, si nusu mtu.

Kuna mdai wa nne, ambaye huwa tunamsahau: yule aliyepiga. Mwaka jana nilipanda Probox kutoka Mwatate kuja Voi, tukiwa tumebanana. Simu ikalia kupitia spika zote nne, dereva akabonyeza kidude, na sauti ya mwanamke ikajaa gari. Alianza bila salamu. Alikuwa ametoka hospitali na majibu ya mtoto, na akayasoma neno kwa neno, jina la ugonjwa na pesa zinazotakiwa. Dereva alitafuta kitufe cha sauti, akakikosa, mwishowe akasema, "Mama, niko na abiria." Yule mama akanyamaza kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni. Akakata. Sote tukageuka kutazama mashamba ya mkonge kana kwamba hatujawahi kuyaona. Baadaye mama mmoja wa nyuma alisema, "Dere, shukisha hapo," mara tatu kabla hajasikika. Mikono ya dereva ilikuwa kwenye usukani muda wote, imekaa vizuri kabisa.

Nani alikosea pale? Nimelizungusha hilo swali sana na sioni mkosaji. Yule mama alikuwa na haki ya kumwambia baba wa mtoto wake. Dereva alikuwa na haki ya kujua. Sisi tulikuwa na haki ya kufika. Haki zote tatu zilikuwa halali na zote zikaumia kwa dakika moja, kwa sababu kidude kilikuwa kimeondoa ule ukuta mdogo uliokuwa unazitenganisha. Simu ingelia mfukoni bila kushikwa, dereva angempigia akifika stegi ya Voi, amesimama kando na sauti yake ni yake. Habari ingechelewa kwa nusu saa, na yule mama angeisema kwa sikio la mumewe peke yake.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza ni kazi. Dereva wa pickup anayetoa nyanya Taveta kupeleka Kongowea hawezi kuwa mteja. Bei inabadilika akiwa njiani, broka anataka kujua yuko wapi, mwenye gari naye anataka kujua hela ziko wapi. Asiposhika, safari ijayo inapewa mwingine. Hilo nalielewa kwa sababu mimi mwenyewe naishi kwa vibarua vya kuandika, na najua simu isiyoshikwa ni kazi iliyokwenda. Lakini tazama hoja hiyo inasema nini kwa kweli. Haisemi kuongea ukiendesha ni salama. Inasema hatari hiyo imehamishwa kutoka kwa mwenye bei kwenda kwa mwenye usukani, naye hana nguvu ya kukataa. Zamani alikuwa na ngao: "Samahani boss, nilikuwa naendesha." Moduleta ikaivunja ngao. Boss anajua gari lina Bluetooth, pengine ndiye aliyeinunua. Sasa kutoshika ni kiburi.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Dereva wa lori anatoka Mombasa usiku, kilomita kama 150 hadi Voi, bado Mtito Andei iko mbele, na usingizi unamvuta kope. Sauti ya mke wake au rafiki inamweka macho. Nani atamnyima? Mimi simnyimi. Nasema tu kwamba sauti hapo inafanya kazi ambayo kitanda kilitakiwa kuifanya, na tukifurahia kifaa kilichomsaidia kuvuka usiku, tusisahau kuuliza aliyempangia ratiba isiyo na usingizi. Kuna mambo ambayo teknolojia inatatua, na kuna mengine inatusaidia kuyavumilia tu.

Kwa hivyo sisemi mng'oe moduleta zenu. Wekeni muziki, sikilizeni habari, fuateni ramani. Ninachodai ni kwamba wajibu uhamie pia kwa anayepiga, kwa sababu yeye ndiye amekaa kwenye kiti kisichosonga. Mwenye gari anayetaka dereva mzuri amwambie waziwazi: ukiwa njiani usishike, nitangoja. Broka aandike meseji. Na sisi wengine, ambao hatuna hata lori, tuna swali jepesi ambalo lingefaa kuja kabla ya habari yoyote: "Uko kwa barabara?" Akisema ndiyo, kata. Usimalizie na "ni dakika moja tu." Kwenye barabara ya Voi, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dakika moja ni zaidi ya kilomita nzima.

Itakuwa vigumu kwa kizazi chetu, ambacho kimelelewa kuamini kwamba anayekupenda hushika simu. Labda tujifunze pia upande wa pili, kwamba unaweza kumpenda mtu kwa kumwacha awe mteja mpaka afike.