Kadi Mpya au ya Zamani? Kaa Kwanza, Uhesabu



Neno la kutafakari: Luka 14:28-30 na Mathayo 13:52

Wapendwa vijana, wiki hii nimeulizwa swali ambalo mwanzoni nilidhani halina uhusiano wowote na imani. Kijana mmoja wa huku kwetu Mbinga, mwanachama mwenzetu wa VIWAWA, aliniandikia WhatsApp hivi: "Kaka, wewe ni fundi wa kompyuta. Nichukue RTX 3060 au RTX 4060? Ni kwa ajili ya gemu." Nikaanza kumjibu kifundi. Kabla sijamaliza, akaongeza mstari mmoja: "Hela ipo. Ni ya ada, ila nitairudisha kabla muhula haujaanza. Mama hajui."

Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina, maana anasema hayuko peke yake. Kweli hayuko peke yake. Kwa hiyo leo nitajibu swali lake lote, kwanza la kadi, halafu lile alilolificha kwenye mstari wa mwisho.

Jibu la fundi

Kwa asiyejua, kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha za gemu kwenye skrini. Ikiwa dhaifu, picha zinakwama kwama. Ikiwa na nguvu, mchezo unateleza.

RTX 3060 ilitoka Februari 2021, kwa bei ya kuanzia ya dola 329 za Marekani. RTX 4060 ilitoka Juni 2023, kwa dola 299. Hizo ni bei za kule; Kariakoo ni habari nyingine, na bado hujalipa mzigo upandishwe basi mpaka Mbinga. Ile mpya ina kasi zaidi katika gemu nyingi, na inakula umeme kidogo: wati 115, wakati ya zamani inafika wati 170. Lakini ya zamani ina memori gigabaiti 12, na mpya inazo 8 tu. Gemu nzito za siku hizi zikijaza zile 8, mpya inaanza kuhema na ya zamani inaendelea kutembea.

Umeona? Mpya haijaishinda ya zamani kwa kila kitu. Inategemea unacheza nini, na unaichomeka kwenye mashine gani.

Nikamwambia anitumie picha ya kompyuta yake. Ni zile za mezani zilizotumika maofisini Ulaya, zikaletwa kuuzwa huku. Nzuri tu kwa kazi. Lakini pawa saplai yake haifiki hata wati 300, na waya wa pini nane, ambao kadi zote mbili kwa kawaida zinauhitaji, haumo kabisa. Mtengenezaji anashauri pawa saplai ya wati 550 kwa kadi yoyote kati ya hizo. Kasha lenyewe ni jembamba, kadi haiingii. Yaani angeinunua, ingekaa mezani kama pambo. Kuna kadi ndogo ya mwaka 2019, GTX 1650, ambayo matoleo yake mengi yanatosheka na wati 75 na hayahitaji waya wa ziada. Hiyo hakuna wa kumtambia nayo, lakini ukipata lile toleo fupi, kwenye mashine yake ingewaka.

Sasa fungua Luka 14. Bwana wetu anauliza ni nani kati yetu anayetaka kujenga mnara, asikae kwanza akahesabu kama anacho cha kumalizia. Asipofanya hivyo ataweka msingi, atakwama, na wapita njia watamcheka. Kadi iliyokaa mezani bila pa kuchomekwa ndiyo huo msingi.

Upya si dhambi, na ukale si utakatifu

Nataka tuelewane hapa, kwa sababu wapo wanaodhani kila mahubiri kuhusu teknolojia lazima yaishie kwa kuitukana. Hapana. Katika Mathayo 13:52 Yesu anamsifu mwandishi aliyejifunza mambo ya Ufalme wa mbinguni, akimfananisha na mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya zamani pia. Vyote viwili vimo ndani ya hazina.

Tazama milima yetu ya Umatengo. Ngoro zimelimwa huku kwa zaidi ya karne moja. Nyasi zinakatwa, zinalazwa kwa mistari inayokatizana mpaka zinafanya miraba, kisha udongo unachimbwa katikati na kuzifunika. Shimo linakamata maji ya mvua, nyasi zinaoza na kuwa mbolea, na udongo hauporomoki bondeni. Wataalamu wamekuja kujifunza kitu ambacho babu na bibi zetu walikijua. Ngoro imedumu kwa sababu inashika udongo. Umri wake peke yake usingeitetea.

Halafu shuka mpaka Mbamba Bay, kilomita kama 66. Usiku usio na mwezi simama ufukweni uangalie taa za wavuvi wa dagaa ziwani. Taa ya LED inayochajiwa kwa sola haihitaji mafuta wala haizimwi na upepo kama karabai. Mvuvi mwenye busara akiipata anaishukuru, halilii karabai ya baba yake. Ila mvuvi huyohuyo akitaka kununua mtumbwi hakuulizi kwanza ni wa mwaka gani. Anauliza: mwera ukivuma, huu utanirudisha nyumbani?

Hilo ndilo swali la Kikristo kwa kila kitu, kipya au cha zamani: kitanifikisha wapi, na kitanirudisha nyumbani?

Hesabu ambayo hakuiandika

Kijana wetu alikuwa amehesabu. Alinitumia karatasi yake, ina bei, nauli ya mzigo, hata umeme. Alipiga hivi: tofauti ya wati 55, saa nne kwa siku, siku 30, ni kama yuniti 6.6 za LUKU kwa mwezi. Hesabu safi kabisa. Nilimpongeza.

Kisha nikamwambia: chukua namba zako hizohizo. Saa nne kwa siku, siku 30. Ni saa 120 kwa mwezi. Umehesabu umeme utakaokula kadi, mbona hukuhesabu saa utakazokula wewe? Ni siku tano kamili, mchana na usiku. Ziko wapi kwenye karatasi?

Na kuna mstari mwingine haumo. Ile ada imetoka kwenye kahawa. Wewe uliyezaliwa huku unajua kahawa ni nini. Ni kupalilia, kupogolea matawi, kuchuma punje moja moja zilizoiva, kukoboa, kuosha, kuanika, kubeba mpaka AMCOS, halafu kusubiri malipo. Mama akilipwa ana mambo kumi yanayomsubiri: paa, dawa, mbolea ya msimu ujao. Katika hayo yote alitenga ya kwako kwanza. Hiyo gharama inaandikwa kwa wati ngapi?

Ndugu zangu, angalieni jinsi kifurushi kimoja kidogo kinavyogusa amri tatu kwa mpigo. Waheshimu baba na mama. Usiibe. Usiseme uongo. "Nitairudisha" ni neno tamu sana kinywani, lakini hela iliyochukuliwa kwa siri ni hela iliyochukuliwa. Na swali la pili la kujiuliza ni hili: kama kweli utairudisha, kwa nini mama hajui?

Nimeona kwa vijana wengi, na si kwenye gemu tu. Kuna mikeka ya kubeti, kuna simu za mkopo, kuna michango ya kikundi "inayoazimwa". Gharama tunayoiandika kwenye karatasi huwa ndogo. Ile tunayoificha ndiyo inayotula.

Fremu za kutungwa

Kuna jambo moja la kifundi ambalo tangu nilisome sijaacha kulitafakari. Kadi kama 4060 ina uwezo wa kutunga fremu. Gemu inatoa picha mbili za kweli, halafu kadi inakisia picha ya katikati na kuipachika. Kwenye kona ya skrini namba inapanda, unaona fremu nyingi, macho yanafurahi. Lakini kidole chako kikibonyeza, mchezo haukuitikii haraka kwa kiwango cha ile namba. Zile fremu za katikati hazikujui, hazijasikia ulichobonyeza.

Kwa gemu si vibaya, ni ufundi mzuri. Kwa maisha ya roho ni hatari. Unaweza kuwa na fremu nyingi sana: picha ya Rozari kwenye statasi, fulana ya VIWAWA, kava la Mtakatifu fulani kwenye simu, sauti nzuri kwaya. Wanaokutazama wanaona maisha yanateleza. Lakini mama akikuita jikoni, unaitikia? Dhamiri ikibonyeza usiku, "ile hela si yako", kuna kitu kinaitika ndani? Mungu haangalii namba iliyoko kwenye kona ya skrini. Anaita, na anasubiri kuitikiwa.

Kama miezi imepita hujaenda Kitubio, basi fremu nyingi kati ya hizo ni za kutungwa. Nasema kwa upendo, kaka kwa wadogo zake.

Mtakatifu aliyejua gemu

Tarehe 7 Septemba 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Carlo Acutis kuwa Mtakatifu, pamoja na Pier Giorgio Frassati. Carlo alizaliwa London tarehe 3 Mei 1991, akakulia Milano, akafariki kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na miaka 15. Alipenda kompyuta kuliko wengi wetu. Aliitumia kukusanya na kuonyesha miujiza ya Ekaristi Takatifu kutoka nchi mbalimbali.

Na alikuwa na PlayStation. Hakuitupa. Alijiwekea kikomo: saa moja kwa wiki. Inasimuliwa pia kwamba mama yake alipotaka kumnunulia jozi ya pili ya viatu alikataa, akasema moja inatosha, hela wapewe maskini.

Weka karatasi mbili mezani. Ya kijana wetu: saa 120 kwa mwezi. Ya Carlo: saa nne, zikizidi sana tano. Wote wawili wanapenda gemu. Mmoja alikaa kwanza akahesabu.

Tena kuna jambo linalonigusa. Siku ile ya kutangazwa kwake ilikuwa Dominika ya 23 ya Mwaka C, na Injili iliyosomwa ni hii hii ya Luka 14, ya mnara na kuhesabu gharama. Mungu hana haraka, lakini anajua kupanga masomo!

Mwisho wa habari ya kijana wetu

Baada ya yote hayo alikaa kimya siku tatu. Nikadhani nimempoteza. Siku ya nne akaandika: "Kaka, nimemwambia mama."

Mama hakupiga kelele. Aliuliza hiyo kadi inafanya nini, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba zile hela ziletwe mezani. Akazihesabu. Akazihesabu tena. Zilikuwa kamili, hata shilingi haikupungua. Akamrudishia na kumwambia, "Kesho ukalipe, uniletee risiti. Habari za gemu tutaongea kahawa ya mwakani."

Kijana ananiambia kilichomuuma ni ile mara ya pili. "Mama hajawahi kuhesabu hela mara mbili mbele yangu."

Hiyo nayo ni gharama, ndugu zangu, na alianza kuilipa kabla hajanunua chochote. Lakini risiti aliipeleka. Imani ya mama itajengwa tena, tofali kwa tofali, na safari hii mnara una msingi.

Zoezi la wiki hii

Kabla ya kununua kitu chochote unachokitamani, kaa chini na karatasi. Andika bei. Andika saa zitakazokwenda. Andika hela ni ya nani. Andika jina la mtu ambaye hutaki ajue. Kama mstari huo wa mwisho una jina, anzia hapo: nenda kwa mtu huyo, halafu nenda Kitubio.

Na kama mistari yote ni safi, hela ni yako, kazi imefanyika na Misa hujaiacha, basi nunua, cheza, furahi na wenzako. Niite nije kukufungia hiyo kadi.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulikulia nyumbani Nazareti, ukawatii Maria na Yosefu, na mikono yako iliijua kazi. Utufundishe kuhesabu siku zetu na saa zetu kabla ya kuhesabu vitu. Utupe ujasiri wa kusema ukweli kwa wanaotupenda. Uwabariki wazazi wetu mashambani na ziwani, jasho lao lisipotee mikononi mwetu. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee. Amina.