Ukingo wa Ngao

Mtakatifu Paulo alipokuwa amefungwa minyororo kwa ajili ya Injili, aliwaandikia Waefezo habari za silaha za Mungu, akawafundisha kwamba imani ni ngao, nayo yaweza kuzima mishale ya moto ya Shetani. Neno alilolitumia katika Kigiriki latokana na neno mlango, maana ngao ya askari wa Roma ilikuwa ndefu na pana, ikisimama mbele ya mtu kama mlango wa nyumba yake. Wengi wamekwisha kuyasikia mafundisho hayo mara nyingi, nao huwaza kwamba ngao ni ubao tu. Lakini mafundi wa kale walijua kwamba ubao peke yake hauwezi kumlinda mtu.

Polybius, mwandishi Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa kwake Bwana, aeleza kwamba ngao ya Waroma ilitiwa chuma ukingoni juu na chini: juu kwa sababu ya mapigo ya panga, na chini kwa sababu ilisimamishwa ardhini. Karne nyingi baadaye, watu wa Ulaya ya kaskazini, ambako chuma kilikuwa ghali, walitumia mara nyingi ngozi mbichi ya mnyama. Katika mwaka wa 1880, huko Gokstad katika nchi ya Norwe, ilifukuliwa merikebu ambayo mkubwa mmoja wa wapagani alizikwa ndani yake karibu na mwaka wa 900. Ubavuni mwake zilikuwamo ngao 64 za mviringo, 32 kila upande, zimepakwa rangi nyeusi na ya manjano kwa zamu. Upana wa kila moja ulikaribia sentimita 94, na unene wa mbao zake haukufika sentimita moja. Karibu na ukingo yalionekana matundu madogo yaliyozunguka ngao, mahali pa kushonea pindo. Pindo lenyewe lilikuwa limetoweka, mbao zikabaki.

Kwa nini kazi hiyo yote ya ukingoni? Kila mpasua kuni ajua sababu. Shoka haliingii kwa wepesi katika ubavu wa gogo. Huingia kichwani, nalo gogo hupasuka kwa kufuata uzi wake. Hivyo na ngao: pigo likianguka katikati, juu ya kitovu cha chuma, mkono hutikisika tu, likianguka ukingoni, ubao waweza kupasuka hata kufika mkononi. Bali nyuzi za ngozi hazilali upande mmoja kama za mti. Zimesukana huku na huku, wala upanga haupati njia ya kuzifuata.

Tena kazi hiyo ina taratibu yake. Ngozi ya ng'ombe hulowekwa katika maji ya chokaa au ya majivu hata nywele zilegee, kisha hukwanguliwa nje na ndani. Haitiwi magome ya mti kama ngozi ya viatu, ndiyo sababu huitwa mbichi hata ikiisha kukauka. Ikilowa huwa laini kama kitambaa; ikikauka hunywea, hukaza, na kuwa ngumu karibu kama pembe. Wanaowamba ngoma hawana haja ya kuelezwa jambo hili. Fundi hukata ukanda mrefu, huukunja juu ya ukingo ili nusu iwe mbele na nusu nyuma, na kuushona kwa kupitisha uzi matunduni. Kisha huiacha ngao kivulini, na hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu. Fundi asiye na saburi huisogeza karibu na moto. Akiamka huikuta ngozi imejikunja na kupasuka, na pengine ubao wenyewe umepinda.

Basi, imani ya mkristu nayo ina katikati yake na ukingo wake. Katikati ni Katekismu aliyoijifunza kwa moyo, Misa ya Dominika, jina la mtakatifu alilopewa siku ya Ubatizo. Hapo Shetani hapigi sana. Ni nani huja mlangoni kwa mkristu mchana na kumwambia kwamba Mungu hayuko? Mapigo huangukia pale imani inapogusana na mambo mengine: kilio, mahari, urithi, kitanda cha mgonjwa. Katika mambo hayo mtu aliyepata alama zote katika mtihani wa wakatekumeni aweza kupasuka usiku mmoja.

Na kosa ni la nani? Aethelstan, mfalme mkristu aliyetawala Uingereza tangu mwaka wa 924 mpaka 939, alitoa sheria kwamba mtengeneza ngao asitumie ngozi ya kondoo, na akiitumia alipe shilingi 30. Ngozi ya kondoo ni nyembamba, ina mafuta, na tabaka zake huachana upesi. Lakini ikiisha kupakwa rangi, askari hawezi kuitambua mpaka siku ya vita. Sheria hiyo haikumwadhibu askari mwenye ngao mbovu. Ilimwadhibu aliyeitengeneza. Wazazi wa ubatizo, waalimu wa dini na wote waliosimama kando ya kisima cha Ubatizo wakamjibia mtoto, wayafikiri hayo kabla ya kumcheka mkristu aliyeanguka. Yawezekana walimpa ngozi ya kondoo: sala zilizokaririwa mbio kwa sababu siku kuu ilikuwa karibu, wasimtembelee tena baada ya karamu.

Ifikiriwe nyumba moja. Mtoto ana homa, usiku umekwisha kuwa mkubwa, ndugu wa baba wamejaa uani. Wanasema homa hii si ya Mungu, iko na mwenyewe. Mmoja amekwisha kulitaja jina: ni shangazi, mjane mzee akaaye peke yake penye migomba. Yabaki kumwita mpiga ramli athibitishe, na kesho mama huyo atafukuzwa, kama hatapigwa. Baba wa mtoto amebatizwa. Aijua amri ya kwanza, na ya tano pia, naye ananyamaza.

Ndipo anaingia baba yake wa ubatizo, aliyepata habari akatembea gizani. Hahubiri. Anaketi, anashika mguu wa mtoto, anafanya ishara ya Msalaba.

"Mwanangu," anasema, "shangazi yako alikubeba mgongoni."

"Baba, ninajua. Lakini hawa ndugu zangu..."

"Hawa ninawasikia. Wakitaka mtu wa kukasirikia, wanikasirikie mimi, maana niliahidi kwa ajili yako mbele ya Padri. Mtoto ana homa. Njia ya dispanseri ni ileile ya siku zote."

Mkubwa wa ukoo anaguna, wawili wanaondoka kwa hasira, na hakuna anayejua bado kama mtoto atapona. Wengine wanasali Rozari moja, polepole, mpaka jogoo anawika. Kisha mama anamfunga mtoto mgongoni, wote watatu wanashika njia. Na wanapofika penye migomba, baba wa ubatizo anasimama mbele ya mlango wa yule mjane, anabisha hodi, na kumwomba afuatane nao.