Kibogoyo Mwenye Mbio

Utotoni, mtoto aliyekimbia ugomvi alizomewa mtaa mzima. Nami nilizomewa. Jioni moja bibi aliniosha vumbi miguuni, akaniambia: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Sikumwelewa. Nimekuja kumwelewa ukubwani, kwa kumtazama mnyama ambaye bibi hakupata kumsikia.

Ni Struthiomimus, dinosaria aliyeishi miaka milioni 75 hivi iliyopita katika nchi ambayo leo ni Alberta, Kanada. Mwaka 1914, kando ya Mto Red Deer, kikosi cha mtafuta visukuku Barnum Brown kilifukua mifupa yake karibu yote. Mifupa hiyo ingali katika jumba la makumbusho New York, shingo imepinda kwa nyuma, vile vile alivyokutwa mwambani. Mwaka 1917 mwanasayansi Henry Fairfield Osborn alimpa jina hilo, maana yake mwiga mbuni, ingawa mbuni alikuja duniani baada yake, muda mrefu sana.

Tangu mdomo hadi mkia alipita mita 4, na uzito wake ulikuwa kilo 150 hivi. Mfupa wa goko ulikuwa mrefu kuliko wa paja. Mifupa mitatu ya wayo ilibanana, wa kati umeshikwa na wenziwe kama kabari, ili mguu usiteguke katika kishindo cha mbio. Misuli mizito ilikaa juu, nyongani na pajani. Chini mguu ukabaki mwepesi. Mkia ulimpa mizani. Macho makubwa yalimwonyesha hatari ingali mbali.

Kinywani alikuwa kibogoyo. Ndugu wa kale wa ukoo wake, Pelecanimimus wa Hispania, alikuwa na meno madogo zaidi ya 200. Struthiomimus yeye alikuwa na mdomo mtupu kama wa ndege. Na jirani yake alikuwa Gorgosaurus, mla nyama wa mita 8 na ushei. Mbele ya jirani wa namna hiyo, kusimama kupigana kungekuwa kujimaliza. Ukoo wa vibogoyo hawa uliishi mamilioni ya miaka kwa kuona mapema na kuondoka mapema.

Hapo ndipo namsikia bibi. Tumezoea kuhesabu ujasiri kwa makovu. Anayeliacha neno la matusi lipite, anayeondoka barazani kabla ngumi hazijainuka, tunamwita mnyonge. Lakini kuondoka kunataka nguvu yake, na nguvu hiyo haina wa kuishangilia.

Hata hivyo, si kila kukimbia ni hekima; hata mkimbiaji ana wakati wa kubaki. Mwaka 2012 watafiti walieleza mabaki ya Ornithomimus, ndugu wa karibu wa Struthiomimus, pia wa Alberta. Wachanga walivikwa manyoya laini, na waliokomaa walikuwa na manyoya marefu mikononi. Hawakuweza kuruka. Watafiti wanadhani manyoya hayo yalikuwa ya kuvutia mwenzi, au ya kuyafunika mayai.

Nikiwaza hivyo, namwona mkimbiaji yule amechutama, miguu yake ya mbio imekunjwa chini yake, mikono imetandazwa juu ya kiota. Bibi naye hakunifundisha kukimbia tu. Usiku ule nilipoumwa homa, hakuondoka kitandani pangu hadi alfajiri.