Baiskeli Katika Matope ya Masika

Baiskeli inayopita njia za vijijini Bukoba na Muleba wakati wa masika hukutana na utelezi unaokaribia ule wa theluji. Theluji yenyewe haianguki hapa. Ya karibu iko juu ya milima ya Rwenzori. Mkoa huu wa Kagera una mvua: mjini Bukoba takriban milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma, na Aprili ndiyo huongoza.

Nyingi hunyesha alfajiri. Usiku maji ya Ziwa Victoria hubaki na joto kuliko nchi kavu, pepo hukutana juu yake, mawingu hupanda, kisha upepo wa mashariki huyasukuma hadi ukingo wa magharibi. Ndipo radi hupiga saa ileile mchuuzi anapofunga mikungu ya ndizi kwenye keria.

Udongo mwekundu ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu ligome. Wapo wanaoyang'oa madigadi kabisa. Mgongo kuchafuka ni nafuu. Kwenye miteremko ya Kamachumu hatari ni breki: rimu ikilowa, mpira hufuta maji kwanza ndipo ushike. Kwa hiyo breki hubanwa mapema, ya nyuma ikitangulia, na tairi hupunguzwa upepo kidogo ili zikanyage eneo pana. Penye mzigo mzito, kushuka na kukokota hakumwaibishi mtu. Jioni mnyororo huoshwa na kupakwa oili.

Ahueni huja Julai, mwezi mkavu kuliko yote Bukoba.