Mstari Mmoja, Mikono Miwili

Je, nina haki ya kufuta neno la mwenzangu naye hayupo? Sisi walimu swali hili tunalijua, maana ratiba na kanuni za shule huandikwa na wengi. Hata hivyo, sijapata kuliona limewekwa wazi kama walivyoliweka waandishi wa programu za kompyuta.

Wengi wao hutumia chombo kiitwacho Git, alichokibuni Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, mwaka 2005, ili watu wengi walioandika programu ya Linux wafanye kazi bila kukanyagana. Kila mmoja huwa na nakala yake kamili, huirekebisha, kisha nakala huunganishwa. Mmoja akigusa ukurasa wa kwanza na mwenzake wa mwisho, chombo huunganisha chenyewe. Wakiwa wamegusa mstari uleule, husimama. Huweka maandishi ya wote wawili, moja chini ya lingine, na alama katikati, kikamwachia binadamu aamue.

Kabla ya kusimama huwa kimetafuta nakala ya awali ambayo wote wawili walianzia. Bila hiyo, neno lililopo kwangu na lisilokuwepo kwako, nani ajuaye kama mimi nimeliongeza au wewe umelifuta? Mzee mwenye busara akiitwa kwenye ugomvi wa shamba huku kwetu Kaoze, haanzi kwa kuuliza nani mwenye haki. Huuliza kwanza mpaka ulipita wapi zamani.

Jaribu lipo hapo panapobaki mtu. Anayeunganisha mara nyingi ni yule aliyefika mwisho, naye anayo amri fupi ya kusema: chukua vyangu, vya mwenzangu acha. Mgongano huisha papo hapo. Wengine hujitetea kwamba Git huhifadhi historia yote, hivyo kilichoachwa chaweza kufufuliwa. Mimi sikubali. Neno lililozikwa katika historia isiyofunguliwa na mtu limenyamazishwa, ingawa halikufutwa.

Sisemi kwamba kuchagua upande mmoja ni kosa siku zote. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ukakiacha Kimvita. Wangechanganya nusu kwa nusu, tungepata lugha isiyo na mwenyewe. Lakini Kimvita kilikuwa na wenyewe, tena kilibeba mashairi ya Muyaka, na manung'uniko ya upande ule ni ya haki.

Kinachonitia hofu zaidi ni mgongano ambao chombo hakiuoni. Tuseme kanuni za shule zinaweka uji saa 1:15 asubuhi na masomo saa 2:00. Mwalimu mmoja, katika ukurasa wake, anasogeza masomo mbele yaanze saa 1:30. Mwingine, mbali kidogo, anaahirisha uji hadi saa 1:45 kwa kuwa maji huchelewa kufika. Kila badiliko peke yake ni jema. Ni mistari miwili tofauti, basi chombo kitaiunganisha kimyakimya, bila alama yoyote, na kesho yake mtoto aliyetembea kutoka mbali itambidi achague darasa au chakula. Hapo hapana dawa ila mmoja wao asome kanuni zote tangu mwanzo, au amfuate mwenzake amwulize: ulipobadili pale, ulikuwa unataka nini?